Shajara ya mradi: kuuza picha za ukarabati kwa mawakala wa mtandaoni

Januari

Mada imepatikana: ukarabati. Vitu vinavyofunguliwa, vinavyosafishwa, vinavyochomelewa na kufungwa tena. Orodha yangu ilikuwa ndefu, nikaichuja kwa swali moja tu: nani atatoa pesa ili aitumie picha hii, na ataitumia wapi? Machweo nayapenda, ila maghala ya mawakala, yaani tovuti zinazouza ruhusa ya kutumia picha, yamejaa machweo hadi pomoni, na mhariri anayehitaji moja hana sababu ya kufika kwenye la kwangu. Nilipotafuta picha za mtu anayetengeneza simu nikakuta mambo mengine kabisa. Glavu nyeupe zisizo na doa. Bisibisi imeshikwa na mtu ambaye ni dhahiri hajawahi kufungua simu maishani mwake. Kwenye picha moja fundi alikuwa ameshika chuma cha kuchomelea upande wa moto. Watu wanaoandika kuhusu taka za kielektroniki, kubana matumizi, au haki ya mwenye kifaa kukitengeneza mwenyewe wanalazimika kutumia vichekesho hivyo kwa sababu hakuna kingine. Mwanya upo.

Kuhusu mawakala. Biashara hii ya picha za bei nafuu ina umri wa miaka ishirini na kitu. iStockphoto (sasa iStock) ilianzishwa mwaka 2000 na Bruce Livingstone huko Calgary, Kanada, na mwanzoni watu walikuwa wakibadilishana picha bure. Getty Images, iliyoanza 1995, ikainunua mwaka 2006 kwa dola milioni 50. Mwaka 2003 Jon Oringer alifungua Shutterstock mjini New York akiwa na picha 30,000 hivi alizopiga mwenyewe, akawauzia wateja kwa usajili wa mwezi badala ya picha mojamoja. Fotolia ikaja 2005, Adobe wakainunua kwa dola milioni 800, na mwaka 2015 wakafungua Adobe Stock. Alamy ya Uingereza, ya mwaka 1999, sasa iko chini ya PA Media Group tangu 2020. Januari 2025 Getty na Shutterstock nao wakatangaza mpango wa kuungana. Majina ni mengi, wenye maduka ni wachache, na kila ununuzi unapopita mpiga picha ndiye anayetumiwa barua pepe ya "mabadiliko ya masharti".

Sitajifunga kwa wakala mmoja. iStock humlipa asiyejifunga 15% ya bei ya picha, na anayejifunga kati ya 25% na 45%. Kwa mwenye maelfu ya picha hesabu hiyo inaweza kulipa. Kwa anayeanza ni kufunga milango mingine yote kabla ya kujua upi una watu. Nimechagua Adobe Stock na Shutterstock kwa picha za kibiashara, na Alamy kwa zile za kihabari.

Februari

Rafiki yangu fundi amekubali nikae pembeni ya meza yake. Vifaa: kamera, lenzi ya kupigia vitu vidogo, tripodi, dirisha moja, na kadibodi nyeupe ya kurudisha mwanga upande wa kivuli. Fleshi nimeiacha. Inafanya chuma king'ae vibaya.

Picha niliyoitaka tangu mwanzo ni hii: simu imefunguliwa, mkono umeshika bisibisi, ncha inaingia kwenye skrubu. Basi. Ukiisogelea skrubu yenye upana wa milimita moja na kitu, hata ukibana tundu la mwanga la lenzi hadi f/8, sehemu inayoonekana vizuri ni nyembamba mno. Ncha ya bisibisi ikiwa kali, kucha ya kidole gumba imeshakuwa ukungu. Dawa yake ni kupiga picha kadhaa bila kutikisa kitu, kila moja ukisogeza fokasi mbele kidogo, kisha kuziunganisha kwenye kompyuta. Kwa kitu kilichotulia ni rahisi. Kwa mkono wa binadamu ni shughuli, maana mkono unapumua. Tuliweka kiwiko cha fundi juu ya kitabu kinene, akabana pumzi, nikapiga haraka. Kundi lililokubali lilikubali kwa sababu alikuwa amechoka na mkono umelegea. Ukaonekana wa mtu aliye kazini.

Kisha nikaifungua picha kwa ukubwa wa asilimia mia, yaani pikseli moja ya picha kwa pikseli moja ya skrini. Wakaguzi wa mawakala huitazama hivyohivyo. Hapo ndipo kazi yenyewe ilipoanza. Kwenye betri kuna nembo. Kwenye chipu kuna jina la mtengenezaji na namba ya toleo. Kwenye utepe wa nyaya kuna msimbo, herufi na tarehe. Kwenye mpini wa bisibisi kuna chapa. Picha ya kuuzwa kwa matumizi ya kibiashara haitakiwi kubaki na hata moja ya hayo, kwa sababu anayeinunua ataiweka kwenye tangazo, na mwenye nembo hajampa mtu ruhusa ya kuitumia kutangazia biashara.

Kufuta si kupaka rangi juu. Ubao wa saketi una mistari midogo ya shaba inayopita chini ya rangi ya kijani, na ukiifuta herufi ovyo mistari inakatika katikati ya safari. Jicho linagundua hata kama halijui limegundua nini. Kwa hiyo unachukua kipande cha ubao kilicho jirani, unakilaza pale penye herufi, unahakikisha kila mstari unaendelea na safari yake, halafu unahamia herufi inayofuata. Chipu ni rahisi zaidi, uso wake ni mweusi wa mchangamchanga, ila ukiulainisha kupita kiasi unageuka plastiki. Betri niliifuta yote nikairudishia mng'ao wake. Vumbi nimelipunguza, sikulimaliza. Uchafu chini ya kucha ya fundi nimeuacha vilevile. Huo ndio unaoitofautisha na zile za glavu nyeupe.

Mambo ya hakimiliki yana vichekesho vyake. Mnara wa Eiffel ukiupiga mchana unaweza kuiuza picha bila tatizo, kwani Gustave Eiffel alifariki mwaka 1923 na haki zake zimeshaisha. Usiku taa zikiwaka mambo yanabadilika: mpangilio wa taa unahesabiwa kuwa kazi ya sanaa yenye mwenyewe, na mawakala wanakataa. Chuma ni kilekile, balbu ndizo zenye wakili.

Machi

Maneno ya utafutaji. Sikutegemea yangekula muda kuliko kupiga picha, na sasa sioni kama ni ajabu. Ghala lina picha mamilioni kwa mamilioni. Mnunuzi haipitii hata sehemu ndogo yake. Anaandika maneno mawili matatu, anatazama kurasa za mwanzo, anaondoka. Picha isiyo na maneno yake haipo.

Shutterstock wanataka angalau maneno 7 na wasizidi 50. Adobe Stock mwisho ni 49, na wanasema wazi kwamba kumi ya mwanzo yana uzito zaidi, kwa hiyo mpangilio nao ni kazi. Wengi wanaona nafasi hamsini wanazijaza hamsini. Mimi naona ni kujiharibia. Ukiweka "familia" kwenye picha ya bisibisi kwa tamaa ya kuonekana, utaonekana kweli, na hakuna atakayeibofya.

Nimejiwekea utaratibu wa ngazi tatu. Kwanza vilivyomo: simu, bisibisi, skrubu, saketi, mkono, betri. Hapa kila mtu anafika. Pili kinachotendeka: kufungua, kutengeneza, kubadilisha, kukagua. Tatu, na hapa ndipo pesa ilipo, ni lile jambo ambalo mnunuzi anaandika habari zake: kubana matumizi, taka za kielektroniki, uendelevu, dhamana ya bidhaa, ujuzi, kazi ya mikono, biashara ndogo, kujiajiri. Mhariri mwenye makala kuhusu dhamana haandiki "bisibisi" kwenye kisanduku cha kutafutia. Anaandika neno la makala yake, halafu anatazama nini kimejitokeza.

Nayaandika kwenye jedwali moja kwanza, kisha naingiza ndani ya faili lenyewe kama metadata ya IPTC (maelezo yanayosafiri ndani ya faili la picha), ili kila wakala ninayempakia ayasome bila mimi kuyaandika upya. Kichwa cha picha nakiandika kama sentensi ya kawaida inayosema nani anafanya nini. Vichwa vya kishairi vinasubiri maonyesho.

Aprili

Majibu ya kundi la kwanza. Zaidi ya nusu zimepita. Zilizokataliwa zina sababu za kawaida: chengachenga kwenye vivuli (zile za jioni, ISO, yaani wepesi wa kamera kunasa mwanga, ilipanda hadi 1600), fokasi, na "zinafanana mno". Hiyo ya mwisho wana haki. Skrubu ileile kutoka pembe tano ni picha moja na ndugu zake wanne.

Wakala mmoja amekataa kwa madai ya nembo picha ambayo mwingine ameipokea bila neno. Nimeikagua kona hadi kona, hamna kitu. Nahisi alama ya tundu la kuchajia imemchanganya mkaguzi au mashine inayomsaidia. Nimeifuta nayo, nikairudisha, imepita. Kubishana na wakaguzi ni kupoteza umeme.

Zile ambazo nembo haziondoleki, kwa mfano lundo la simu mbovu ndani ya boksi, nimezipeleka kwa matumizi ya kihabari. Leseni hiyo inaruhusu picha itumike kwenye makala, kitabu au habari, haigusi matangazo. Masharti yake ni kinyume cha yale ya Februari: hapa huruhusiwi kufuta kitu, na maelezo lazima yaseme ni nini, wapi na lini.

Mei

Mauzo yameanza. Ya kwanza Shutterstock: senti 10 za dola.

Tuzungumzie senti 10 hizo, maana watu huziona wakakimbia. Tangu Juni 2020 Shutterstock wanalipa kwa madaraja sita, kutoka 15% hadi 40%, kulingana na idadi ya mara picha zako zilivyopakuliwa ndani ya mwaka. Daraja la chini linaishia kwenye upakuaji wa 100. La juu kabisa linaanza baada ya 25,000. Mteja mwenye usajili mkubwa analipa kidogo sana kwa kila picha, na 15% ya kidogo sana ndiyo hiyo. Tarehe 1 Januari kila mtu anarudishwa chini, awe aliuza picha kumi au elfu ishirini. Sheria hiyo ilipotoka wapiga picha wengi walizima maghala yao kupinga. Haikubadilika. Binafsi naona ni sheria ya kumnyima mtu matunda ya kazi aliyokwisha kuifanya, na bado nimejiunga, kwa sababu wateja wako pale.

Adobe Stock ni 33% kwa picha, bila madaraja. Mauzo yangu ya usajili huko yanaangukia senti thelathini na kitu. Kisha siku moja inakuja leseni kubwa zaidi na inalipa kuliko mwezi mzima uliotangulia. Leseni ya kawaida kwa wote wawili inamruhusu mnunuzi kuchapisha hadi nakala 500,000. Akizidi hapo, au akitaka kuweka picha kwenye bidhaa ya kuuza kama fulana, ananunua leseni iliyopanuliwa. Kwa hiyo wastani wa mapato kwa kila upakuaji haunisaidii sana. Natazama picha ipi inapakuliwa tena na tena, na mrabaha wake kwa mwaka.

Picha ya skrubu, ile iliyokula siku nzima za kufuta herufi, imepakuliwa mara chache. Inayoongoza ni meza tupu, vifaa vimepangwa upande wa kushoto, kulia hakuna kitu. Nilikuwa napima mwanga.

Juni

Mafupi tu. Fomu ya kodi, W-8BEN, imejazwa. Wakala wa Marekani anakata hadi 30% ya mapato yanayotokana na wanunuzi walioko Marekani kama nchi ya mpiga picha haina mkataba wa kodi na Marekani. Ukiwepo mkataba, kiwango kinashuka. Fomu inadumu mwaka uliosainiwa na mitatu inayofuata. Nimeiweka kwenye kalenda ya simu, maana ikiisha hakuna atakayekupigia. Malipo hayatoki mpaka akaunti ifike kiwango cha chini, dola 25 kwa Adobe Stock.

Julai

Nimeanza kupiga nyuso. Mikono peke yake kwa kawaida haihitaji fomu ya ridhaa, ila mkono wenye tatuu ni jambo lingine: mchoro una mchoraji, na mchoraji ana haki. Uso unaotambulika lazima uwe na fomu iliyosainiwa na mhusika na shahidi. Mtoto anasainiwa na mzazi au mlezi.

Fundi alisaini bila kusoma. Nikamrudishia fomu nikamwambia asome, hasa pale inapomaanisha kwamba picha inaweza kutumiwa na mtu asiyemjua, kwenye nchi asiyoijua, kutangaza kitu ambacho hakukichagua. Mawakala wanakataza matumizi ya kumdhalilisha mtu, lakini tangazo halali la mikopo ni halali. Akasoma, akafikiri, akakubali picha za kuinama kazini, akakataa zile za kutazama kamera. Zote alizozikataa nimezitoa. Nilizipenda, na pengine ndizo zingeuzika zaidi, lakini uso ni wake.

Septemba

Mwezi huu mauzo yametulia, na kila anayeshughulika na picha ana maelezo yaleyale: akili mnemba. Historia yake kwa mawakala ni fupi na haina msimamo mmoja. Septemba 2022 Getty walipiga marufuku kupokea picha zilizotengenezwa na mashine. Oktoba mwaka huohuo Shutterstock wakatangaza kushirikiana na OpenAI, kampuni ya akili mnemba, pamoja na mfuko wa kuwalipa wenye picha zilizotumika kuifundisha mashine. Picha za mashine kutoka kwa wachangiaji hawazipokei. Desemba Adobe Stock wakafungua mlango kwa sharti kwamba picha iwekewe alama, na Machi 2023 wakatoa Firefly, mashine yao ya kutengeneza picha, iliyofundishwa hasa kwa picha za ghala lao wenyewe.

Picha zangu nazo zimo kwenye hiyo karamu, nisijidanganye. Ila nimefanya jaribio kwenye mada yangu. Nilimtafutia fundi rundo la picha za mashine za simu iliyofunguliwa, nikamwonyesha. Kwa mbali zinavutia kuliko zangu. Alizipitia mojamoja kwa kidole: hapa skrubu imekaa juu ya saketi bila tundu, hapa betri ina ncha tatu, hapa utepe unatoka popote unaishia popote. Kwenye moja akasimama kabisa. "Kiunganishi hiki hakipo duniani, bwana." Mwandishi wa makala ya jumla hatagundua na atainunua ile ya mashine, huyo nimempoteza. Mwenye mwongozo wa ukarabati, chuo cha ufundi, muuza vipuri, hawa hawawezi kuweka kiunganishi kisichokuwepo mbele ya wasomaji wao. Nimehamishia nguvu huko: hatua kwa hatua, kifaa halisi, mpangilio wa kweli, na kwenye maneno nimeongeza majina sahihi ya sehemu kama fundi anavyoyataja.

Oktoba

Nimerudi kwenye ile meza tupu na kupiga nyingine za namna yake kwa makusudi. Nafasi ya kulia inayoachwa wazi ni ya mnunuzi. Mbunifu ana kichwa cha habari, nembo ya mteja, na kitufe cha kubofya. Anatafuta picha yenye mahali pa kuvikalisha. Picha iliyojaa vitu vizuri kila kona inamfukuza.

Mfano mkubwa kuliko wote wa jambo hili ni kile kilima cha kijani chini ya anga la bluu kilichokuwa kwenye skrini za Windows XP. Charles O'Rear alikipiga kwa filamu mwaka 1996 huko Kaunti ya Sonoma, California, akakipitishia kwa wakala wa picha, na Microsoft wakakinunua. Kitazame tena ukiwa na macho ya mnunuzi: hakuna mtu, hakuna nyumba, hakuna kinachogombana na vialama vya kompyuta. Nafasi tupu, juu na chini.

Kwa hiyo kila mpangilio sasa naupiga mara tatu: mlalo nafasi ikiwa kulia, mlalo nafasi ikiwa kushoto, na wima nafasi ikiwa juu kwa ajili ya skrini za simu. Wakaguzi hawaziiti zinazofanana, kwa sababu kazi zake ni tofauti na fremu inaonyesha. Mandhari nyuma nimeituliza: mbao, kijivu, nyeupe iliyofifia. Nimeacha pia mtindo wa kukata picha karibu sana wakati wa kuhariri. Mnunuzi anaweza kukata, kuongeza hawezi.

Novemba

Nimefuta baadhi ya picha za mwanzo zisizopata hata mtazamo mmoja na kuziandikia nyingine maneno mapya. Zilizoandikiwa upya zimeanza kusogea, taratibu.

Kundi linalofuata lingetakiwa liwe limeshapakiwa, kwani wabunifu hutafuta picha za msimu miezi miwili mitatu kabla ya msimu wenyewe. Mada ya "mwaka mpya, tengeneza badala ya kununua" nimeipakia wiki hii, na nikipata nyingine ya aina hiyo itaingia mapema zaidi. Januari Shutterstock watanirudisha daraja la 15%; hilo silipangii chochote, lipo tu.

Fundi ameniwekea kando printa moja na feni moja. Kabla ya kufungua tripodi naandika maneno yake kwanza: ngazi ya tatu isipofika maneno kumi bila kulazimisha, kitu hicho hakipigwi. Printa imefika kumi na manne, kuanzia gharama za ofisi hadi vipuri visivyopatikana. Feni imekwama kwenye manne.